Hotuba Niliyoitoa Mbele ya Lusia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijafifia kichwani mwangu hata baada ya nyingine nyingi kuchanganyikana. Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, baridi ya asubuhi ikiwa bado imeshikilia kuta, na mimi nilikuwa mbele ya kioo kidogo nafunga tai ya kuazima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mji wetu bado uliitwa Élisabethville. Wazungu walikaa upande wao, sisi tulikaa upande wetu, katika cité, na kila mtu alijua mpaka uko wapi.

Nakuandikia habari hii kwa sababu nimesikia umekabidhiwa uongozi wa shirika lile la wakimbizi. Mama yako alipoileta habari nilifurahi, halafu nikanyamaza, naye akadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikumbuka kwamba mimi pia niliwahi kuongoza kazi ya namna hiyo, ingawa haikuwa na jina kubwa kama yenu, na kwamba niliifanya vibaya kabla sijajifunza kuifanya vizuri.

Baba yangu alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli. Mimi nilizaliwa hapa hapa, nikabatizwa, nikasoma kwa mapadri, nikawa karani katika duka la vitambaa. Siku zile treni zilileta watu kila juma: kutoka Kasai, Ruanda, Nyasaland, Rhodesia, Angola. Wengine waliitwa na kazi, na wenye kazi waliwapokea. Lakini wako waliokuja wenyewe, wakikimbia jambo fulani kwao, nao walishuka stesheni wakabaki wamesimama na mizigo yao, wakitazama watu wakipita. Hao ndio tuliowaundia chama, Chama cha Kupokea Wageni. Tuliwatafutia pa kulala, tukawafundisha Kiswahili cha kuulizia njia na kazi, tukawasindikiza ofisini kuomba kibali. Bila kibali ungeweza kurudishwa ulikotoka hata kabla hujaijua mitaa.

Mimi nilichaguliwa prezida. Sikuchaguliwa kwa hekima, usidanganyike. Nilichaguliwa kwa sababu nilijua Kifaransa na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nililipenda sana neno lile, prezida. Nilipoitwa hivyo sokoni nilikuwa nachelewa makusudi kugeuka, ili niitwe mara ya pili.

Moyo wa chama ulikuwa mtu mwingine. Mama Veronika alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Marehemu mumewe alifanya kazi ya reli kule Dilolo, karibu na mpaka wa Angola, na huko mama huyo alijifunza Kichokwe. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili tu na uwanja nyuma, na sijui ni wageni wangapi waliolala humo. Katika mikutano yetu hakusema neno. Alileta ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mwisho karibu na mlango. Mimi nilimhesabu kama mpishi. Naona haya kuyaandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ule alimpokea mwanamke mmoja Mwangola, jina lake Lusia, pamoja na binti yake Chilombo, mtoto wa miaka kama tisa. Walikuwa wametembea kwa miguu mpaka mpakani, halafu wakapanda behewa la mizigo. Siku za kwanza Lusia hakusema chochote. Alifagia uwanja, akafua, akafagia tena mahali alipokwisha fagia. Mtoto yeye aliufungua mdomo mapema. Baada ya miezi mitatu alikuwa anabishana kwa Kiswahili na watoto wa jirani, huku mama yake bado anajua kusalimu na kushukuru tu.

Alasiri moja, wakiwa wanachambua sombe jikoni, Lusia alianza kuongea. Mama Veronika aliniita, maana ofisi ingetaka maelezo kabla ya kutoa kibali. Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, daftari magotini. Mtoto alikuwa ametumwa nje. Lusia alisema kwa Kichokwe, mama akanitafsiria. Mumewe, Sapalo, alichukuliwa kwa nguvu na askari kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mbali, upande wa bahari. Miaka miwili ilipita bila habari yake. Kisha wale askari walirudi kutafuta wanawake wa kutengeneza barabara, na jina lake yeye lilikuwamo orodhani. Alimshika mtoto mkono wakaondoka, nguo zao bado ziko kwenye kamba.

Alipomaliza alisema jambo fupi, akanitazama.

"Anasema, aya maneno ibaki hapa mu jikoni," Mama Veronika akanitafsiria. "Ya ofisi, utaandika ile tu ofisi inaomba."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikafunga daftari. Nilikuwa mkweli wakati ule, naamini hivyo mpaka leo.

Sasa sikiliza jinsi ukweli ule ulivyoniponyoka. Chama chetu hakikuwa na nyumba. Tulikutana katika uwanja wa Mama Veronika, na mvua ikinyesha mkutano unavunjika. Mimi nilikuwa na hamu ya jumba la matofali, lenye madirisha ya vioo na jina la chama juu ya mlango, na ndani yake, nikuambie ukweli, meza ya prezida. Basi tulipoandaa sikukuu ya chama uwanjani humo nikamwalika Mzungu mkubwa wa cité, mwenye ofisi ya vibali, padri wa parokia, na watu wengine wenye sauti. Nikaandika hotuba majuma mawili. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa imekauka. Nilijua inahitaji mtu.

Asubuhi ile ya Jumapili, baada ya kufunga tai, nikapita kwa Mama Veronika.

"Mama, leo Lusia asimame mbele na mtoto wake. Wavae vizuri."

"Umemuuliza?"

"Ni heshima kwake, mama. Wakubwa watamwona."

"Miye nakuuliza kama umemuuliza."

Nikajibu kwamba wageni wako njiani, hakuna muda. Nikaenda zangu uwanjani kupanga viti.

Lusia alikuja mbele kwa sababu aliitwa. Alikuwa amejifunga kitenge cha Mama Veronika, kirefu kuliko kimo chake, na mtoto alikuwa amepakwa mafuta usoni. Nikaanza kwa Kifaransa. Nilisimulia habari yote ya Lusia: askari, barabara, nguo zilizobaki kwenye kamba. Niliona mke wa mgeni mmoja anatoa kitambaa, anajifuta macho, na jambo lile, mwanangu, lilinipanda kichwani kama pombe. Nikataka macho mengine yalie pia. Nikaongeza kwamba Sapalo alikufa kule kwenye mashamba, peke yake, bila wa kumzika. Halafu, kwa sababu wanachama wetu wengi hawakujua Kifaransa, nikayarudia yote kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti kubwa.

Watu walipiga makofi. Lusia alikuwa ananitazama tu. Nilidhani ni shukrani.

Mzungu wa cité alinishika mkono akaniambia habari ya jumba itafikiriwa. Kisha akauliza, bila ukali wowote, kama mwanamke yule ana kibali. Nikasema bado. Akasema, "Basi mlete ofisini kesho kutwa." Hata hilo halikunitia wasiwasi. Nilirudi nyumbani nahesabu madirisha.

Jumatatu mapema, kabla ya kwenda dukani, nikapita kwa Mama Veronika ili kumwandaa Lusia kwa safari ya ofisini. Nilimkuta mama peke yake. Mkeka wa wageni ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani, na kile kitenge kirefu kilikuwa kimefuliwa, kimeanikwa.

"Lusia iko wapi?"

"Haiko. Alienda."

"Anaogopa ofisi? Asiogope, mama, mimi nitasema na mkubwa."

Mama Veronika aliacha kazi aliyokuwa akifanya. Siku zote aliniita Prezida, kama wengine.

"Gabrieli," akasema. "Ikala chini."

Nikakaa.

"Jana mutoto aliingia mu nyumba, akauliza mama yake: baba alikufa siku gani, na juu ya nini ulinificha? Lusia akashangaa. Akaniangalia miye. Sasa nakuuliza weye. Nani alisema Sapalo alikufa?"

Nikaishika tai yangu.

"Lusia alikuambia?"

"Hapana, mama."

"Miye nilitafsiri mubaya?"

"Hapana."

"Basi maiti yake uliionea wapi?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipaka rangi kwa ajili ya hotuba.

"Ule mama miaka yote anamuambia mutoto: baba iko kwenye kazi, atakuya. Hata yeye hajui kama ni kweli, lakini njo vile banaishi. Weye umemuua ule muntu kwa sababu ya nyumba ya matofali." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Na unajua Lusia alisikia nini? Kifaransa hasikii. Kiswahili ya haraka hasikii. Alisikia tu jina ya bwana yake mu kinywa yako, na bantu banapiga makofi."

Nililia, mwanangu. Mimi prezida, na tai yangu. Mama Veronika aliniacha nilie kwa muda aliouona unatosha, halafu akaniambia niende nikamtafute. Kulikuwa na mama mmoja mkulima wa upande wa Luano aliyeuza sombe sokoni, naye na Lusia walikuwa wamezoeana ingawa hawakuwa na lugha moja. Akasema bila shaka amekwenda huko.

Niliomba ruhusa dukani nikapanda baiskeli. Luano ya siku zile ilikuwa mashamba na vichuguu na njia za miguu katika majani makavu. Waliokaa huko walikuwa wenyeji wa nchi, ambao babu zao walilima pale kabla moshi wa kwanza wa kiwanda cha shaba haujapanda. Sisi wa cité tuliwaita watu wa porini. Nilimkuta mwenye shamba ameshika jembe mkononi.

"Weye njo ule prezida?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ungoje pale."

Nikangoja juani mpaka jua likapita utosini. Hatimaye Lusia akaja, Chilombo nyuma yake, mikono ya wote wawili ina udongo wa matuta ya viazi. Na hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuliwaza njia nzima. Mama Veronika hakuwapo. Wa kututafsiria alikuwa yule mtoto. Ilinibidi nimwombe mama radhi kwa kinywa cha binti niliyemnyang'anya baba.

Nilianza kwa maneno marefu. Mtoto akanikatiza.

"Baba yangu alikufa?"

"Sijui," nikasema.

"Ulisema alikufa."

"Nilisema jambo nisilolijua. Hakuna mtu hapa anayelijua. Mama yako hakukudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Juu ya nini?"

Nilitafuta jibu la kuniheshimisha, nikakosa. "Nilitaka wakubwa watuhurumie, watujengee nyumba."

Chilombo alimtazama mama yake, akayasema yote kwa Kichokwe. Niliona uso wa Lusia ukibadilika, lakini haukubadilika kwa ajili yangu. Alimvuta mtoto akamwegemeza kwake, akamshika kichwa kwa mkono ule wenye udongo. Kisha Lusia akasema mengi, kwa sauti ya chini, na mtoto akayafupisha.

"Mama anasema, urudi kusema vile umesema sasa. Pale pale, mbele ya bale bantu."

Nikaahidi. Lusia hakunipa mkono. Mwenye shamba alinipa viazi viwili vya kuchoma vya njiani, sijui kwa nini, labda nilitia huruma kutazamwa.

Jumanne nilikwenda ofisini bila Lusia. Mama Veronika alinisindikiza, amevaa kile kitenge kirefu. Nilimweleza yule Mzungu kwamba katika hotuba yangu nilitia jambo la uongo, na kwamba mwanamke yule ni mkimbizi anayelima kwa wenyeji wa Luano, hana kosa, na chama chetu kinamdhamini. Alinitazama kwa muda, kalamu hewani. Nadhani hakuwa amezoea kuona mtu anajishtaki mwenyewe. Aliuliza maswali machache, akaandika kibali cha miezi sita, akasema kitaangaliwa tena. Habari ya jumba hakuitaja, nami sikuitaja. Haikutajwa tena kamwe.

Jumapili iliyofuata nikawaita wanachama uwanjani kwa Mama Veronika, na padri akaja pia. Wageni wale wa Kizungu hawakuja, nikawaandikia barua mmoja mmoja. Lusia alisimama nyuma kabisa pamoja na mwenye shamba, Chilombo katikati yao. Nilisema kwa Kiswahili kwamba Sapalo hatujui kama yu hai au hayupo, kwamba niliyemuua ni mimi, kwa ulimi wangu, na kwamba siri ya jikoni niliifanya mapambo ya hotuba. Mama Veronika alikuwa anayarudia kwa Kichokwe, sentensi kwa sentensi, na hakunipunguzia hata neno moja. Nilipokuwa nikisema niliona wengine wanakunja uso. Mwanachama mmoja aliuliza kwa hasira kama nilikuwa na akili, maana jumba limeshatuponyoka. Mwingine alicheka. Lakini nilimwona Chilombo akihesabu kitu kwa vidole vyake, halafu akamnong'oneza mama yake. Baadaye niliambiwa alikuwa anahesabu ni kiangazi cha ngapi tangu baba yake aondoke.

Baada ya mkutano nikamwambia Mama Veronika kwamba ninaacha uprezida. Niliona ni jambo la heshima. Yeye alikuwa anakusanya sahani.

"Umejifunza juu ya mugongo ya Lusia," akasema, "na sasa unataka kwenda na ile masomo ku nyumba yako? Apana. Utabaki. Utafanya nayo kazi."

Nikabaki. Niliongoza chama kile miaka tisa zaidi, uwanjani, chini ya mabati tuliyoyaunga wenyewe. Kuanzia siku ile Mama Veronika alikaa mbele, kando yangu, na kila jambo la mgeni lilianza kwake. Akisema "bado," tulingoja.

Hutapenda kusikia hili, lakini Sapalo hakurudi, kwa kadiri ninavyojua. Haikuja barua wala mtu aliyemwona. Lusia hakuolewa tena. Alibaki Luano, akapewa kipande chake cha ardhi, na kibali chake kilirudiwa na kurudiwa mpaka kikawa cha kudumu. Uwanjani kwetu hakukanyaga tena. Tulipokutana sokoni alinijibu salamu, basi. Ilipita miaka mingi kabla hajasimama mbele ya baiskeli yangu siku moja na kuniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Gabrieli, iko mama mugeni kwangu, anatoka kwetu. Anatafuta kibali. Nitamuleta kwa Mama Veronika." Akaenda hatua mbili, akageuka. "Lakini usimuulize mingi." Alikuwa anacheka kidogo aliposema hivyo. Kidogo tu.

Basi, mwanangu, nimekaa na habari hii miaka yote hiyo, na sasa nakupa wewe, kwa sababu najua watakuja kwako wageni wenye kamera. Watakutaka uwaonyeshe mtu. Watakuambia bila mtu huyo msaada hautatoka, na huenda wanasema kweli. Siku hiyo nenda kwanza kwa mwenye habari, ukae naye, umuulize katika lugha anayoisikia kama anataka habari yake itoke. Akikataa, usirudi kesho kumbembeleza. Aliyekimbia kwake ameacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake. Pengine yale yaliyompata ndiyo mali pekee iliyobaki mkononi mwake, na wewe hukupewa kazi ya kumpokonya hata hiyo. Na akikubali, sema alichokisema. Mahali asipojua, nawe sema hajui. Usijaze.

Utakosea hata hivyo. Sikutishi, ni kazi ya watu, nayo ndivyo ilivyo. Ukikosea usijifiche katika kujiuzulu, wala usiombe radhi pembeni kwa kosa ulilolifanya hadharani. Rudi mahali ulipolisema, mbele ya walewale, ulisahihishe, hata kama utapoteza jumba. Na mtafute katika shirika lako yule anayepika na kulaza wageni, yule asiyesema mikutanoni. Mweke karibu yako. Akikuuliza swali mara mbili, simama.

Mungu akupe moyo wa kungoja, mwanangu, na ulimi mwepesi wa kuomba radhi. Wale watakaofika kwako wakiwa wamepoteza karibu kila kitu, watoke kwako wakiwa bado na kilicho chao. Kazi yako na iwe ndefu, usingizi wako uwe mwema, na baraka yangu ya uzee iwe juu yako na juu yao wote.